Ukimfundisha mtoto Vita vya Uhuru wa Marekani, anza na maji

Binti yangu alirudi kutoka shule, hapa New Jersey, na orodha ya mapigano: Lexington, Bunker Hill, Trenton, Saratoga, Yorktown. Nikamkaririsha tarehe wiki nzima. Siku ya mtihani zote zikamtoka. Mzazi mwenzangu, usipite njia hiyo.

Jumamosi moja ya baridi nikampeleka Mto Delaware, pale George Washington, jemadari wa Wamarekani waliokuwa wakipigana na Waingereza, alipovuka usiku wa tarehe 25 Desemba 1776. Ng'ambo ya Pennsylvania wameweka mfano wa mashua za wakati ule, ndefu, zenye tumbo bapa, za kubebea chuma. Binti akazungukia moja, akapima ubavu wake kwa mikono, akauliza, "Baba, farasi waliingiaje humu?" Somo likaanzia hapo.

Nimekulia Tanga kwa wavuvi, najua shughuli ya kupakia chombo huku maji yanavuta. Nikamweleza habari za kikosi cha John Glover, wengi wao wavuvi wa Marblehead, mji wa pwani ya Massachusetts. Walivusha askari 2,400, farasi na mizinga 18 katikati ya mapande ya barafu. Kazi iliyopangwa kwisha saa sita usiku ilikwisha kama saa tisa. Kulipokucha wakawavamia Trenton askari wa Kijerumani waliokodiwa na Uingereza, wakateka karibu 900.

Lakini wavuvi hao walikuwa wamekwisha kuliokoa jeshi la Washington Agosti ya mwaka huohuo, lilipopigwa vibaya Brooklyn, New York. Watu kama 9,000 walivushwa East River usiku mmoja, kimyakimya, na alfajiri ukungu ukawasitiri. Brooklyn haikuwamo kwenye orodha ya shule. Mimi ningeifundisha kabla ya Trenton, maana bila usiku ule Trenton isingekuwapo.

Bunker Hill nayo, usiishie kwenye nani alishinda. Waingereza walikitwaa kilima, ila zaidi ya 1,000 kati yao waliuawa au kujeruhiwa.

Saratoga, 1777, fuata maji tena. Jenerali Burgoyne wa Uingereza alishuka kutoka Kanada kwa Ziwa Champlain akiutafuta Mto Hudson, na kila alivyosonga ndivyo chakula kilivyobaki mbali. Oktoba 17 akasalimu amri. Februari iliyofuata Ufaransa ikafunga mkataba na Wamarekani, na Ufaransa ilikuwa na manowari.

Kwa Yorktown, 1781, alipokuwa Jenerali Cornwallis wa Uingereza na jeshi lake, mpe mtoto penseli ya bluu achore Ghuba ya Chesapeake, kisha azipange meli za Wafaransa mdomoni mwake. Binti yangu alipomaliza kuzipanga alinyamaza, halafu akasema, "Basi hana pa kutokea." Nikamwonyesha Mto York, unaopita Yorktown. Usiku wa Oktoba 16 Jenerali Cornwallis alijaribu kuwavusha watu wake kwa mashua, kama Washington alivyofanya Brooklyn. Kundi la kwanza lilivuka. Kisha dhoruba ikazitawanya mashua, na siku tatu baadaye jeshi lake likaweka silaha chini.