Na maharagwe yataenda wapi?

Kila mwaka barua za atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, zikitoka, wadogo zangu wanaosomea kilimo huniuliza swali lile lile: nibebe nini? Jibu fupi ni gambuti. Mei na Juni mvua ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, haina adabu, hasa alasiri, na udongo wa njiani utakuvua kiatu ukiwa umesimama. Maombi yapeleke mapema, Januari au Februari, kwa sababu tangu 2013 kazi ya ugani, yaani kuwashauri wakulima mashambani, iko mikononi mwa kaunti na kila moja ina utaratibu wake. Bima ya chuo usiisahau. Malipo usiyategemee, mimi hata nauli sikuona.

Hayo tuyaache. Lililonitoa jasho ni jingine.

Nimekulia Njoro, ambako ngano huvunwa kwa mashine na ekari tano si shamba la kujisifia. Nikapangiwa wadi moja ya Vihiga, ambako familia nzima inategemea nusu ekari, na katikati ya hiyo nusu kuna jiwe kubwa kama nyumba. Watu waliniita bwana shamba. Nilijaribu kueleza kwamba mimi ni msichana, nikachoka, nikaitika.

Wiki ya pili nilimkuta mama mmoja ambaye mahindi yake yalikuwa yamedumaa, majani yamepauka, na chini yake maua mazuri ya zambarau. Striga, gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo. Mungu anisamehe, nilifurahi, maana hilo swali nilishalijibu kwenye mtihani nikapata. Nikamwaga yote. Kwamba gugu hili hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi likanyonya chakula. Ukiliona limetokeza juu, hasara imeshaanza chini. Kwamba mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kulala udongoni miaka zaidi ya kumi. Kwamba watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita kando ya Ziwa Victoria walionyesha njia: panda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, zungusha nepia, nyasi za kulisha ng'ombe, pembeni. Mizizi ya desmodiamu huifanya striga iote bila kupata mahali pa kushika, ikafa. Harufu ya desmodiamu nayo huwafukuza nondo wa funza wa mabua, na nepia huwavuta watoke shambani.

Mama akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Na maharagwe yataenda wapi?"

Sikuwa na la kusema. Ile nafasi kati ya mistari, ambayo kwenye michoro ya darasani ilikuwa tupu, kwake ilikuwa na maharagwe. Na maharagwe ndiyo yanayokomaa kwanza, mahindi yakiwa bado mabichi na debe la mwaka jana limeisha. Nilikuwa nimemwambia aondoe chakula cha watoto wake cha Juni, tena kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Afisa aliyenisimamia, mtu wa maneno machache na pikipiki yenye kelele, alicheka niliporipoti. Kumbe maharagwe yanaweza kuingia shimo moja na mahindi, au yakapandwa kati ya shina na shina kwenye mstari ule ule, desmodiamu ikabaki na nafasi yake. Mbegu ya desmodiamu ni ghali, lakini vikonyo vya jirani aliyekwisha kupanda vinashika vizuri mvua ikiwepo. Halafu akaniuliza kama yule mama ana ng'ombe. Sikuwa nimeuliza. Desmodiamu ni lishe nzuri ya ng'ombe, na mtu mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungwa nyuma ya jikoni hahitaji hotuba ndefu kuhusu lishe. Nilirudi kwa mama, nikaanza na ng'ombe. Tukakubaliana kwamba mvua ijayo atajaribu kona moja tu, ile iliyoharibika zaidi.

Kwenye jalada la daftari langu la kazi niliandika: anaacha nini ili afanye hiki? Ukienda ugani, liandike na wewe. Ushauri hautakugharimu kitu. Anayelipa ni mwenye shamba.

Nilidhani nimeelewa, mpaka nilipopewa klabu ya kilimo ya 4-K ya shule moja ya msingi. Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya: klabu hizi ni za zamani, zikafifia, serikali ikazizindua upya 2021. Watoto walikuwa moto. Nikachagua sukuma wiki kwa sababu kila mtu anaijua. Kitalu wiki nne, kuhamisha, kisha wiki nyingine tano au sita kabla ya kuchuma. Hesabu nyepesi, na sikuifanya. Sukuma zilikuwa tayari shule ilipofunga mwezi wa Agosti, na waliozichuma walikuwa ng'ombe wa jirani. Ningepanda mboga za kienyeji kama dodo (mchicha) au mrenda, ambazo unamwaga mbegu na ndani ya mwezi hivi unachuma, watoto wangekula kazi ya mikono yao. Anza na kalenda ya shule, mmea uje baadaye.

Vijana wakubwa walikuwa kibarua kingine. Kijana wa miaka 24 hana ardhi. Ardhi ni ya baba, na baba yu hai. Ukimwendea na somo la parachichi la kusubiri miaka mitatu anakuitikia kwa heshima, halafu anawasha bodaboda. Kundi letu la stejini lilitaka kitu kisichohitaji shamba. Wazo likaja kutoka kwa afisa wa mifugo: kideri. Ugonjwa huo ukiingia kijijini unaweza kufagia kuku wote, na chanjo ipo, tone moja kwenye jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Taabu ni kwamba chupa ndogo kabisa kwenye agroveti letu, duka la dawa za mifugo na pembejeo, ilikuwa ya dozi 100, inataka baridi, na ikishachanganywa haikai zaidi ya saa chache. Mama mwenye kuku wanane ataitaka ya nini? Vijana wakachanga pesa za chupa, afisa akawafundisha na kuwasimamia. Alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, wakapita boma kwa boma na boksi la barafu, shilingi kumi kwa kila kuku. Anayeonekana mgonjwa wanamwacha. Kila boma likaandikwa kwenye daftari, ili tarehe ya kurudi isipotee.

Mimi sikufanya mengi hapo zaidi ya kubeba lile daftari. Msimamizi wa chuo alipokuja kunikagua ndilo alilolisoma muda mrefu. Ripoti yangu ya kurasa arobaini aliifungua mara moja.

Siku ya kuondoka, mama wa maharagwe aliniletea jogoo amefungwa miguu. Huku hilo halikataliwi. Nilimpakata kwenye matatu kutoka Majengo hadi Kisumu, kisha Kericho, kondakta akitaka nimlipie kiti. Kabla sijapanda nilifungua daftari kwanza: boma lake, kuku sita, wamechanjwa Julai.