Jibu: MRI imesema niko sawa, mbona bado naumia?

Pole sana dadangu. Umeuliza kama MRI, ile picha ya ndani ya mwili ya mashine ya sumaku, ikitoka safi basi huna endometriosisi, yaani ule ugonjwa wa tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake, hapana, haimaanishi hivyo. MRI inashika vizuri endometriosisi ile imeingia ndani, kama nyuma ya kizazi ama kwa matumbo, na ule uvimbe wa ovari wenye damu nzito kama chokoleti, lakini vile vidoa vidogo vya juu juu kwa utando wa tumbo mara nyingi inavipita tu. Mimi hapa Kisumu ripoti yangu ilikuwa safi na bado kila mwezi nilikuwa nalala chini kwa simiti baridi nikiuma leso, laparoskopi, ile operesheni ndogo ya kuingiza kamera tumboni, ndio ilivipata. Rudi kwa daktari wa wanawake, mwambie maumivu huanza siku gani na kama ukienda choo inauma, na usikubali kuambiwa ati ni kawaida.