Kuku waliochanjwa, na bado wakafa

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafuga kuku wa kienyeji huku Manyoni, mkoani Singida. Mwezi wa tisa nilinunua mitetea watatu mnadani nikawachanganya na kuku wangu, ambao hawakufika hamsini. Haikupita wiki mbili, mmoja alizubaa, akaharisha kijani na kufa, kisha wengine wakafuata, baadhi wakiwa wamepinda shingo. Niliwapa maji ya shubiri na antibiotiki ya unga niliyouziwa dukani, bila nafuu. Mtaalamu alikuja kuwachanja wote, lakini vifo viliendelea. Wamebaki tisa. Je, chanjo ile ilikuwa mbovu? Na hawa tisa niwauze ili nianze upya?
Mama mfugaji, Manyoni

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana, najua kuku hao ndio ada za shule na ndio akiba ya nyumba.

Uhakika kamili hutoka maabara, lakini dalili ulizoeleza ni za mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu husababishwa na virusi, ndiyo maana antibiotiki, ambayo kazi yake ni kupambana na bakteria, haikufua dafu. Shubiri nayo haiuponyi, ingawa naelewa wengi wamelelewa wakiiamini. Mdondo hauna tiba.

Kuhusu chanjo, sioni sababu ya kuituhumu. Chanjo humwandaa kuku mzima ajikinge kabla hajaambukizwa, na kinga hiyo huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Virusi navyo hukaa mwilini siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6, kabla dalili hazijaonekana. Kwa hiyo wengi wa kuku waliochanjwa siku ile wakionekana wazima walikuwa tayari wameambukizwa. Isitoshe, kumshika kuku mmoja baada ya mwingine katika banda lenye ugonjwa kunaweza kuusambaza kwa mikono.

Hao tisa nakusihi usiwauze. Kuku aliyepona anaweza kuendelea kutoa virusi katika kinyesi kwa wiki kadhaa, na yamkini mitetea wako watatu walifikishwa mnadani na mtu aliyeona vifo vimeanza kwake akawahi kuokoa fedha. Ndivyo mdondo unavyohama kutoka kijiji hadi kijiji, na anayeumia ni mama mwingine kama wewe. Wafungie nyumbani, mizoga uichome au uifukie shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua, ondoa matandiko yote, safisha banda na vyombo kwa dawa ya kuua vimelea, kisha usiingize kuku mgeni kwa muda usiopungua miezi miwili. Mgeni yeyote atakayekuja baadaye akae peke yake wiki mbili, na ahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji. Mtaarifu pia afisa mifugo wa kata, ili majirani wajue mapema.

Ukianza tena, tumia chanjo ya I-2 ya matone, inayohimili joto kuliko nyingine na hivyo kufaa vijiji visivyo na friji, ingawa nayo haitakiwi kuachwa juani. Laza kichwa cha kuku ubavuni, dondosha tone moja jichoni, na usimwachie mpaka apepese, kwa sababu tone likimwagika shavuni hajachanjwa. Kipimo ni hicho kimoja kwa kifaranga na jogoo. Rudia kila baada ya miezi mitatu, kwa mfano Februari, Mei, Agosti na Novemba. Ya Agosti usiikose kabisa, maana huko kwenu mdondo hushika kasi kiangazi. Kichupa kimoja huwa na dozi nyingi kuliko idadi ya kuku wako, kwa hiyo changeni fedha na majirani na mchanje siku moja: gharama itapungua kwa kila mmoja, na kuku wanaochangamana uani watakuwa na kinga wote.