Nimelea miaka 6, sasa nataka ufundi umeme

SWALI: Nimekaa nyumbani miaka 6 nikilea watoto wawili, na mdogo sasa ameanza shule ya awali. Natamani kusomea ufundi wa umeme wa majumbani, lakini mume wangu anasema hiyo ni kazi ya wanaume. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Dada yangu, anayefunga soketi anahitaji jicho makini, mkono uliotulia na nidhamu ya kuzima swichi kuu kabla ya kugusa waya wowote, na hayo hayana jinsia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hupokea wanawake na wanaume, nayo ina kozi fupi na ndefu. Uliza saa za vipindi kabla ya kulipa ada, kwa kuwa kinachomkwamisha mzazi mara nyingi si masomo, bali ni nani atakayemchukua mtoto shuleni. Fahamu pia kwamba kufunga nyaya kwa kujitegemea kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Mumeo usibishane naye. Mwombe mfuatane hadi karakana, amwulize mwalimu mwenyewe maswali yake. Tena, akina mama wengi wanaoshinda nyumbani peke yao watafarijika kumfungulia mlango fundi mwanamke.