Hesabu siku zako kabla hujaomba uraia wa Uingereza

Julai 2024 nilikaa jikoni kwangu Leicester, kompyuta mbele yangu, kadi ya benki mkononi. Mwaka mmoja na siku chache ulikuwa umepita tangu nipate makazi ya kudumu. Fomu ya uraia nilikuwa nimeijaza yote, imebaki kubonyeza tu pauni 1,630 ziende zake. Nikasita. Kuna sharti moja nilikuwa nimelisoma mbiombio baada ya zamu ya usiku: siku unayotuma ombi, urudi nyuma miaka mitano kamili, na siku hiyo uwe ulikuwa ndani ya Uingereza kwa mwili wako.

Nikaenda kabatini, nikatoa pasipoti ya zamani. Muhuri wa uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, ulikuwa wa tarehe 12 Julai 2019. Nilikwenda kumzika baba. Nilirudi Agosti 6.

Ningebonyeza siku ile, ningekuwa naomba uraia kwa tarehe ambayo nilikuwa matangani Kisauni. Nikafunga kompyuta, nikalala. Nilituma Agosti 12, na wiki hizo tatu hazikunigharimu hata senti. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 maofisa wanaweza kulisamehe jambo hili kwa sababu maalumu, lakini mimi sioni haja ya kuomba msamaha wa kitu ambacho dawa yake ni kungoja wiki tatu.

Tangu hapo, mtu akiniuliza habari za uraia, swali langu la kwanza ni moja. Simuulizi amekaa miaka mingapi, maana hiyo kila mtu anaijua kwa moyo. Namuuliza amekuwa nje siku ngapi.

Kwa anayetumia njia ya miaka mitano, siku za kuwa nje zisizidi 450 katika miaka hiyo yote, na zisizidi 90 katika miezi 12 ya mwisho. Aliyeoa au kuolewa na raia wa Uingereza anahesabiwa miaka mitatu na siku 270, na zile 90 za mwaka wa mwisho ziko palepale. Huyo pia halazimiki kungoja mwaka mzima baada ya kupata makazi ya kudumu; akiyapata leo na masharti mengine yametimia, kesho anaomba. Sisi wengine tunangoja miezi 12.

Zinazohesabiwa ni siku nzima za kuwa nje. Siku uliyoondoka na siku uliyorudi hazimo. Inaonekana jambo dogo, lakini kwa mtu wa safari nyingi fupi ni siku mbili kila safari, na zinarudi upande wako.

Mimi safari iliyonitia hofu ni ya Machi 2020. Nilikwenda kumwona mama wiki tatu, nikaondoka hapa tarehe 10. Machi 25 Kenya ikafunga anga kwa ndege za abiria za kimataifa. Aprili Mombasa yenyewe ikafungwa, hutoki wala huingii, hadi Julai. Ndege za kimataifa zilirudi Agosti 1, nami nikatua huku tarehe 4. Hesabu yake ni siku 146 kwa mkupuo mmoja, kwa safari niliyoipangia wiki tatu! Nikaongeza 41 za mwaka 2022 na 33 za Desemba 2023 kuingia Januari, nikapata 220. Niko salama. Lakini sikulijua hilo mpaka nilipokaa na kalamu, na miaka minne nilikuwa nimeishi na wasiwasi wa bure.

Utazipataje tarehe hizo? Mihuri ya Kenya husaidia ikisomeka. Huku mwenye kibali cha kuishi mara nyingi hapigiwi muhuri akiingia, kwa hiyo usiutegemee. Tafuta tiketi kwenye barua pepe. Tazama taarifa za benki, siku kadi yako ilipokoma kununua mkate huku. Kilichoniokoa mimi ni ujumbe wa M-Pesa. Simu yangu ya Kenya ilikuwa na kila nilichonunua, hadi maji ya kunywa kwa jirani, na tarehe na saa. Wa kwanza na wa mwisho wa kila safari ulinionyesha nilifika lini na niliondoka lini, kisha nikalinganisha na tiketi. Ukibadilisha pasipoti usiitupe ile iliyotobolewa. Na ukiwa bado una mwaka mmoja au miwili mbele, anza leo kuandika safari zako kwenye daftari.

Ukikuta umezidi kidogo, usikate tamaa mara moja. Miongozo ya Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya hapa, inawaruhusu maofisa kufumbia macho ziada ndogo, kwa kawaida hadi siku 480 kwa wa miaka mitano, mradi mengine yote yametimia. Zaidi ya hapo wanataka sababu nzito. Lakini uhuru huo ni wao, si haki yako. Kama kungoja miezi miwili kutaisukuma safari ndefu nje ya ile miaka mitano, ngoja.

Mtihani wa maisha ya Uingereza sitaukalia sana. Maswali 24, dakika 45, unatakiwa upate 18, ada pauni 50. Wengi wetu tuliufanya tulipoomba makazi ya kudumu, na ukifaulu hauishi muda wake. Usiulipie tena. Cheti cha Kiingereza kadhalika, kama kilishakubaliwa kwenye ombi la makazi ya kudumu kinakubalika na hapa hata kama tarehe yake imepita. Namjua kijana aliyelipia mtihani wa pili wa Kiingereza kwa sababu mtu alimwambia kule kwenye kinyozi. Kinyozi ni mahali pazuri pa kunyolewa.

Wadhamini ndio walionichelewesha. Wanatakiwa wawili, kila mmoja awe anakujua kwa miaka mitatu au zaidi. Mmoja awe mtu wa taaluma, kama mwalimu, mhasibu, muuguzi aliyesajiliwa au kiongozi wa dini, na huyu anaweza kuwa wa nchi yoyote. Wa pili awe na pasipoti ya Uingereza, na awe ama mtu wa taaluma ama mwenye umri zaidi ya miaka 25. Wasiwe jamaa zako, wasiwe jamaa wao kwa wao, wala asiwe wakili anayekushughulikia ombi. Wa kwanza nilimpata wodini kwetu bila tabu. Wa pili nilimwendea jirani yangu, bibi mmoja mwenye moyo wa dhahabu, ananiletea keki kila Krismasi ingawa anajua mimi ni Mwislamu, na kila Idi ananiuliza pilau iko wapi. Akajaza karatasi, akatia saini, akanipa chai. Nyumbani naangalia: pasipoti yake ilikwisha muda 2017. Hakuwa amesafiri tangu mumewe afariki. Nilirudi kumwambia kwa aibu kana kwamba kosa ni langu, halafu nikaanza kutafuta mwingine. Kwa hiyo muulize mtu pasipoti yake kabla hujamkabidhi karatasi. Na umtafute mapema, kwa sababu watu wetu wengi tunafahamiana sisi kwa sisi tu, na siku ya kumtafuta mwenye pasipoti ya hapa anayekujua miaka mitatu, unashangaa orodha ilivyo fupi.

Fomu itakuuliza pia habari za wazazi wako, wamezaliwa lini na wapi. Baba yangu alizaliwa mwaka ambao shangazi zangu hadi leo wanabishana. Niliandika kilichomo kwenye kitambulisho chake, basi. Kilichoandikwa ndicho ushahidi, mabishano ya shangazi muachie mwenyewe shangazi.

Sasa sharti la tabia njema. Watu hulichukulia kama swali la heshima, unatia tiki na kupita. Ndipo maombi yanapoangukia. Wanatazama kodi, madeni ya serikali, makosa ya barabarani, mambo ya mahakamani, na historia yako yote ya uhamiaji. Mimi nilikuwa na faini ya mwendo kasi, maili 36 mahali pa 30, niliyoilipa kwa wakati. Kwa kawaida faini moja kama hiyo iliyolipwa haimnyimi mtu uraia. Niliitaja hata hivyo. Kuificha ndiko kungeliua ombi, kwa sababu udanganyifu ni kosa la pekee yake, na ukinaswa unaweza kufungiwa mlango kwa miaka 10. Wenzetu wanaoendesha teksi au kufanya kazi za kujiajiri wasafishe kodi zao kwanza. Na aliyewahi kuingia nchini bila ruhusa au kukaa baada ya kibali kwisha asijaze fomu peke yake. Februari 2025 miongozo ilikazwa sana, hasa kwa aliyeingia bila ruhusa. Huyo ndiye ningemwambia alipe wakili. Sisi wenye njia iliyonyooka tunaweza kujaza wenyewe kwa wikendi mbili.

Ada: niliyolipa ilikuwa 1,500 ya ombi na 130 ya sherehe. Aprili 2025 jumla ikapanda hadi 1,735, na hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo itazame siku unayolipa, usitegemee alicholipa binamu yako. Ukikataliwa, zinarudi zile 130 za sherehe peke yake.

Kabla ya kulipa, linganisha majina. Sisi watu wa pwani tuna jina la mtu, la baba, la babu, na kila karani ameyapanga apendavyo. Ofisi ya pasipoti ya hapa inataka jina la cheti chako cha uraia lifanane na la pasipoti yako ya nchi nyingine. Yakitofautiana utaambiwa urekebishe ya Kenya kwanza, na hiyo ni safari nyingine ya kuomba tarehe ubalozini. Rekebisha mapema.

Kuna jambo ambalo mimi lilikuwa jepesi na kwa mwenzangu ni mzigo. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake akichukua mwingine. Sheria ya 2011 inamtaka atoe taarifa ndani ya miezi mitatu, nami nilitoa. Nikitaka siku moja kuwa ofisa wa dola nitaulizwa habari za uraia wa pili, lakini sina tamaa hizo. Kiwanja changu Kikambala ni changu.

Dada mmoja wa Tanga tunayefanya naye kazi amekuwa na makazi ya kudumu tangu 2016 na hajaomba. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku anapoapa huku, Utanzania wake umekwisha, na asiye raia hamiliki ardhi kule kama raia anavyomiliki. Ana shamba Muheza aliloachiwa na mamake. "Nikiapa, lile shamba nitaliingiaje?" aliniuliza siku moja chumbani kwa kubadilishia nguo, na sikuwa na jibu. Usimwambie mtu kama huyo kuwa anachelewa. Ninachomkumbusha ni kimoja: makazi ya kudumu hupotea mtu akikaa nje miaka miwili mfululizo, kwa hiyo akienda kumuuguza mtu nyumbani asisahau kalenda. Wanawe waliozaliwa hapa baada ya yeye kupata makazi ya kudumu ni Waingereza tangu kuzaliwa, hao hawahitaji fomu hii. Aliyezaliwa kabla ana haki ya kusajiliwa, kwa fomu na ada yake.

Mimi nilijibiwa baada ya miezi mitatu na kidogo. Wao husema hadi sita. Ukialikwa sherehe una miezi mitatu ya kuifanya. Unachagua kiapo kinachomtaja Mungu au ahadi isiyomtaja. Nilichagua cha kwanza, nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kumtii Mfalme Charles wa Tatu, na nilipofika hapo sauti ilinikauka, sijui kwa nini. Mstari wa mbele alikuwapo mzee wa Kisomali aliyeuimba wimbo wa taifa kwa nguvu kuliko ofisa mwenyewe.

Usikate tiketi ya karibu na sherehe. Ukishapokea cheti, kibali chako cha zamani hakifanyi kazi tena, na cheti si hati ya kusafiria. Unahitaji pasipoti, na ombi la mara ya kwanza linaweza kuwa na mahojiano. Mwenzetu mmoja aliapa Novemba akiwa na tiketi ya Desemba. Krismasi aliila hapahapa, na sisi, kazini.

Nikaenda Mombasa Aprili na pasipoti mbili. Ya Kenya ni ya kuingilia Kenya, la sivyo utatakiwa uombe idhini ya mtandaoni kama mtalii. Ya Uingereza ni ya kumwonyesha wa kaunta ya ndege wakati wa kurudi. Nilizichanganya zote mbili, kwenda na kurudi. Yule wa Mombasa aliitazama ya Uingereza, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiswahili: "Ile nyingine umeificha wapi?"