Muulize Shangazi: Historia darasani mia, ila babu yake hamjui

Mwezi huu barua za watoto na historia zimekuwa nyingi, nimechagua tatu, wengine mnisamehe.

SWALI: Shangazi shikamoo. Kijana wangu ana miaka 11, historia anapata maksi nzuri tu, vita anazijua na miaka yake yote, ila juzi kaona picha ya marehemu baba yangu akaniuliza "huyu mzee ni nani?" Niliishiwa nguvu. Shida ni kwamba mi mwenyewe kipindi cha historia nilikuwa nalala, sa nitamfundisha nini? *Baba Mchovu*

JIBU: Marahaba Baba Mchovu. Pole, ila ona hapo, mtoto kaona ushahidi akauliza ni nani, si ndo historia yenyewe hiyo? Aliyekwama ni wewe. Hakuna aliyekutuma ukawe mwalimu wa pili, miaka na mikataba mwachie mwenye kazi yake, ila kuna vitu mwalimu hawezi kuvijua hata asome vipi, babu alianza kibarua akiwa na umri gani, wewe na mama yake mlikutana wapi, nani kwenye ukoo alihama na alikuwa anakimbia nini, nani alifilisika akaanza upya.

Na sio stori za kupoteza muda. Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani wanasaikolojia wawili, Marshall Duke na Robyn Fivush, walitunga maswali 20 ya ndio au hapana, unajua wazazi wako walikutanaje, unajua jina lako lilitoka wapi, mambo kama hayo, wakakuta watoto wanaojua mengi ndo wanaojiamini zaidi na wanaojiona wana usemi kwenye maisha yao. Sasa nakujua, usije ukamkaririsha hayo majibu 20 kama jedwali la kuzidisha! Duke mwenyewe alieleza kwamba majibu peke yake sio dawa, ni dalili tu kwamba kwenye nyumba hiyo watu wanakaa chini wanaongea. Halafu stori inayomjenga mtoto sio ile ya "sisi tulitoka chini sasa tuko juu", wala ile ya "tulikuwa na mali yote ikaisha", ni ile ya kupanda na kushuka, babu alipata, akakosa, akapata tena, ndugu wakashikana. Kwa hiyo hata madeni ya mzee yasimulie bana.

Anza na picha hiyohiyo. Kama yupo hai mtu wa rika lake, shangazi yako au rafiki yake wa zamani, mpigie na muulizaji awe mtoto, wewe kaa pembeni urekodi kwenye simu (ruhusa ombeni kwanza jamani). Ila msimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani", atajiona yuko kwenye mtihani atawatajia mwaka wowote mradi mumalizane. Muulizeni siku Mandela anatoka jela alikuwa wapi, hiyo tunajua ni tarehe 11 Februari 1990, je mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshazaliwa, nyumba alikuwa ameshajenga? Mtaupata mwaka bila kuuliza mwaka, na kijana ataona kile alichokariri darasani kumbe kilitokea huku watu wake wanaishi.

SWALI: Binti yangu wa miaka 14 na bibi yake ni damdam, stori kila siku. Sasa kambishia mwalimu mbele ya darasa kwamba kitabu kinadanganya maana bibi alimwambia vingine. Nimeitwa shule. Nimkanye? *Mama Binti*

JIBU: Mkanye kwa mdomo mchafu kama aliutumia, kwa kubisha hapana. Kuna kisa kimoja nakipenda sana. Mwaka 1845 meli mbili za Uingereza, Erebus na Terror, chini ya John Franklin, zilielekea bahari ya barafu kaskazini mwa Kanada, watu 129 wakapotea wote. Mwaka 1854 John Rae, mpelelezi mwingine wa maeneo hayo, akarudi na habari alizopewa na Wainuit, wenyeji wa kule, kwamba wazungu wale walikufa kwa njaa na mwishoni walikula wenzao. London ikawaka hasira, hata Charles Dickens, yule mwandishi maarufu wa riwaya, akaandika kwamba wenyeji wale sio wa kuaminika. Baadaye mifupa ikaonekana ina alama za visu, na Erebus ilipopatikana chini ya maji mwaka 2014 ilikuwa upande uleule ambao masimulizi ya Wainuit yalikuwa yanauelekeza miaka yote hiyo. Kina bibi walikuwa wanajua, basi tu hawakuandika.

Lakini usije ukampa bibi ushindi wa bure pia. Wazee nao wanajisifu, wanaruka sehemu zinazowauma, wanachanganya ya kwao na ya kusikia. Binti ajifunze kuuliza pande zote mbili maswali yaleyale: uliona mwenyewe au uliambiwa, nani mwingine anasema hivyo, na wewe unafaidika nini nikikuamini? Kitabu kikimwambia Livingstone "aligundua" yale maporomoko ya mto Zambezi mwaka 1855, aulize waliompeleka pale kwa mtumbwi walikuwa wanayaitaje (Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, jina lilikuwepo tayari). Akiuliza kwa namna hiyo hakuna mwalimu atakayekuita shule, na akikuita niandikie tena.

SWALI: Baba yangu alikuwa askari wa utawala ulioonea watu. Mwanangu ana miaka 7 anampenda babu yake kufa. Nifiche mpaka lini? *Nisitajwe*

JIBU: Kuficha usifiche, ila sio lazima umwage yote leo. Miaka 7 inamtosha kusikia kwamba babu alifanya kazi kwa watu waliokuwa wakiumiza wengine, basi, mengine yatafuata maswali yake. Na ukifika kwa walioumizwa usianze na maelfu, mtoto hawezi kuwabeba. Ujerumani kuna msanii, Gunter Demnig, amekuwa akipachika vibao vidogo vya shaba chini, mbele ya nyumba walizokaa watu waliouawa na Wanazi, vingi vinaanza "hapa aliishi", halafu jina la mtu mmoja, mwaka aliozaliwa, kilichompata. Mtu mmoja na mlango wake, mtoto anaelewa.

Akikuuliza kama babu alikuwa mtu mbaya, usikimbilie ndio wala hapana, mwambie swali hilo hata wewe bado unalo.