Wala mimi

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili baba yako yuko pembeni anacheka. Unasema mwenzako wa zamu huko Uingereza, hapo kwenye nyumba ya wazee, alinung'unika, "I hate night shifts," ukamwitikia "So I do," akabaki anakutazama. Kesho yake akasema, "I don't eat meat," nawe ukamwambia "Me too." Akakuuliza, kwa hiyo unakula au huli? Sasa unataka nikwambie, kumkubalia mtu tu kuna ugumu gani.

Kwetu hakuna. Mtu akisema "nimechoka," unamwambia "hata mimi." Akisema "sijalala," ni "hata mimi" ile ile. Tunamkubalia mtu. Mwingereza yeye anatazama kitenzi: kikiwa kimekanushwa, jibu nalo likanushe. Kwa hiyo baada ya "don't" sema "Me neither," au ukitaka kusema kama tulivyofundisha darasani, "Neither do I." Ifananishe na "wala" yetu: "Mimi sili nyama." "Wala mimi." Ila sisi tukisema "wala" tunakanusha tena, "wala mimi sili," na hakuna anayeshangaa. Kwao "neither" imeshameza ukanushi wote. "Neither don't I" ni kutia chumvi mara mbili.

Sasa hiyo "So I do." Kiingereza ni Kiingereza, tena kizuri, ila umekitumia pasipo pake. Mtu akikwambia kamba ya kiatu imefunguka, "Your lace is undone," ukainama ukaona kweli, unasema "So it is!" Ni ile "Ala, kumbe!" yetu. Mwenzako alisema anachukia zamu za usiku, nawe ukawa kama mtu aliyegundua papo hapo kwamba naye anazichukia. Ulipaswa kusema "So do I," kitenzi kidogo kikimtangulia mwenyewe.

Na hicho kitenzi kidogo hukichagui wewe, unakiokota kwa aliyesema. "I'm tired," jibu "So am I." "I can drive," "So can I." Asipokuacha na cha kuokota, unaazima "do," na unaipa wakati wake: "I went home early," "So did I." Wanafunzi wangu walikuwa wakiniandikia "So went I," na sikuwalaumu sana, kwa sababu mantiki ilikuwepo.

Pana mtego mmoja nadhani utaukuta hapo Leeds kila siku. Mtu akisema "I've got a headache," ni "So have I," maana "have" hapo ni kitenzi kisaidizi. Akisema "I have a headache," kichwa ni kile kile kinauma, lakini wengi watajibu "So do I." Sikiliza "got." Ukichanganyikiwa, "Me too" itakuokoa, na wenyewe mezani ndiyo wanayoitumia.

Kosa linaloniogopesha mimi si hayo. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikuwa na mgeni, mwalimu wa kujitolea. Siku moja nimechelewa bwaloni, chapati imebaki moja kwenye sinia. Akaniuliza, "You haven't eaten?" Nikajibu "Yes," nikimaanisha ndiyo, sijala. Akatabasamu, akaichukua ile chapati, akaila mbele yangu. Nililala na njaa kwa neno moja.

Zamani Waingereza walikuwa na maneno manne: "yea" na "nay" kwa swali la kawaida, "yes" na "no" kwa swali lililokanushwa. Mwaka 1532 mwandishi Thomas More alimsuta William Tyndale, mfasiri wa Agano Jipya, kwa kuandika "no" mahali pa "nay." Yaani "yes" ilikuwa neno la kupinga: hukula? Nimekula! Yale mawili ya kwanza yamechakaa, lakini ukiulizwa kwa kukanusha, "yes" bado inapinga.

Kwa hiyo msimamizi akikuuliza, "You haven't given him his tablets?" na kweli hujampa, usiseme "Yes" ukaondoka. Sema "No, I haven't," yote, kwa sauti. Hapo si chapati tena, ni dawa za mzee wa watu.

Baba yako anakusalimu. Anauliza, ile chupa ya achari aliyompa yule mgeni akuletee, hujaipata bado? Ukijibu "ndiyo," tutajua haijafika.

Mama yako